Alama Mbele ya Neno Hapana

Karatasi ya mkandarasi ilikuwa na maswali tisa, na mimi ndiye niliyeyajaza. Manane ya mwanzo yalihusu mbio, kubeba mzigo, na kupanda na kushuka benchi. La tisa liliuliza kama wakati wa majaribio nimemwona mwombaji akikohoa, akibanwa kifua au akitema damu. Palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Shemeji yangu alisimama upande wa pili wa meza, shati limemganda mgongoni, akiutazama mkono wangu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini ili muuguzi asisikie, "usiniangushe mbele ya watu."

Nikatia alama mbele ya Hapana.

Ningeweza kukataa. Nimetafuta sana sababu ya kuniwezesha kusema kwamba sikuwa na njia, na sijaipata. Hakuna aliyenishika mkono. Kalamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, mtu mwenye wajukuu, nimesoma hadi kidato cha nne, na nilijua vizuri swali lile liliwekwa pale kwa ajili gani. Aliyejibiwa Ndiyo alitakiwa kwenda hospitali kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua kabla ya kugusa kazi. Aliyejibiwa Hapana alipimwa presha na sukari na muuguzi, akapewa buti na kofia ngumu, Jumatatu akaanza.

Nieleze nilivyofika kwenye meza ile, maana sikuzaliwa mwalimu wa mazoezi.

Nusu ya maisha yangu nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Marobota yalipita mbele yangu, mimi nikaandika. Nikanenepa, na nikapenda. Kwetu mtu mwenye tumbo hupishwa kiti, na wakwe zangu wa Bukombe, Wasukuma waliohamia kule wakifuata malisho, walinisifu kila nilipokwenda: "Binti yetu anampikia." Mke wangu alicheka, lakini nyumbani alikuwa ananitazama ninavyohema nikifunga kamba za viatu.

Nilipofika miaka hamsini na sita nilianguka stoo. Sikuanguka vibaya; nilikaa tu sakafuni na kushindwa kuinuka. Hospitali walinipima damu, mkojo, presha, macho, wakanisikiliza kifua mbele na nyuma. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba sukari imepanda, presha imepanda, na tumbo ninalojivunia ndilo litakalonizika. Akaniandikia dawa, na chini ya dawa akaandika: kutembea kila siku, nusu saa, uanze polepole.

Nilianza kwa aibu. Naishi Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, na pale barabara ni tambarare na watu hawawi wengi. Nilitoka alfajiri nikiwa nimevaa suruali ya kazi na viatu vya ngozi, kwa sababu sikuwa na viatu vingine. Kina mama waliokuwa wanapeleka nyanya mjini walinizoea, wakawa wananisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba! Nani anakukimbiza?"

"Sukari," nilijibu siku moja.

Wakacheka hadi mmoja akatua ndoo yake. "Sukari! Sisi tunaikimbilia dukani, yeye anaikimbia!"

Baada ya miezi minne suruali ilikuwa inashuka bila mkanda. Baada ya mwaka nilikuwa nakimbia, sitembei. Mtu ambaye hajawahi kuupata mwili wake uzeeni hawezi kuelewa furaha ile. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, najigusa mapaja gizani kama mtu aliyeokota kitu cha thamani anayeogopa kimepotea. Vijana wa klabu ya jogingi walinikaribisha, nikawa nakimbia nao Jumamosi, wanaimba nami naitikia. Wakaanza kuniita Kocha, mwanzoni kwa utani. Watu wazima wenye matumbo walikuja kwangu mmoja mmoja, wakinong'ona kama wanaotafuta mganga. Nilikwenda Mwanza kwenye mafunzo ya wiki mbili, nikarudi na cheti. Kiwanda kilipunguza watu, nami nikaondoka bila machozi.

Nikahamia Bugarama siku za kazi, nikawa narudi Ibadakuli mwisho wa wiki. Bugarama kuna mgodi mkubwa, na palipo na mgodi kuna watu wengi wanaotafuta kazi ya nguvu na wachache wenye nguvu yenyewe. Nilipanga banda la mabati nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Vyuma vyangu vya kwanza havikuwa vyuma. Vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yameunganishwa kwa bomba. Nilikuwa na tairi la tipa, viroba vya mchanga na benchi refu la kanisani ambalo paroko alinipa baada ya kupata mabenchi mapya. Ukutani niliandika kwa chokaa: MWILI UNAFUNZWA. Niliamini maneno yale kama watu wengine wanavyoamini kanuni ya imani.

Kosa langu lilianzia hapo, kwenye ukuta ule. Mwili wangu ulikuwa umefunzwa, kwa hiyo kila mwili ungefunzwa. Aliyeshindwa nilimwona mvivu. Nilisahau kwamba kabla sijatembea hata hatua moja, binti yule wa hospitali alikuwa amenipima kila kitu.

Mkandarasi alikuja mwaka wa nne. Kampuni yake ilikuwa ndogo, ikichoronga mashimo ya utafiti kwenye mapori ya huko na huko upande wa Geita. Mashine inatoboa mwamba, unga wa mawe unapulizwa juu, vibarua wanaukinga kwenye mifuko, wanafunga, wanabeba hadi kwenye gari. Mfuko mmoja si mzito sana. Shida ni kwamba hauwi mmoja. Vibarua wengi walikuwa wanaondoka siku ya pili, na msimamizi akachoka. Akanitaka nimchujie watu. Nikakubali, na nikawa na desturi ya kumwambia kila anaponiletea karatasi mpya, "Wangu hawaanguki, bosi." Ilikuwa kweli. Wote niliowafunza mwenyewe bandani walifaulu majaribio. Niliwahesabu moyoni kama mtu anavyohesabu mifugo yake jioni.

Shemeji yangu alikuwa mdogo wa kiume wa mwisho wa mke wangu, miaka arobaini na kidogo. Nilipooa alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ng'ombe niliowatoa kwa dada yake walizaa, na alipokua alioa kwa uzao wa ng'ombe hao. Ndivyo inavyokwenda kwetu: dada anaolewa, kaka anaoa kwa ng'ombe za dada. Ndiyo sababu utani wetu haukuwa na mwisho. Kila tulipokutana alinipigia magoti ya kuigiza na kusema, "Baba wa ng'ombe, mke wako mdogo anakusalimu," akimaanisha mke wake. Nami namjibu, "Mwambie namdai maziwa."

Alikuwa ameshinda miaka tisa kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zile ambazo wachimbaji wanaziita karasha. Ukifika pale huoni sura ya mtu. Unaona macho na meno tu. Alikuwa anafunga kitambaa mdomoni, na kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu kwa vumbi kama gamba. Mwenye mashine alipofunga kazi, shemeji alibaki na watoto watatu, shamba la mpunga lisilotosha, na kikohozi.

Aliyemwita ni mimi. Hilo pia lazima niliseme. Tulikuwa Bukombe kwenye sherehe ya kipaimara ya mwanawe wa kwanza, watu wamekula wameshiba, na mzee mmoja wa ukoo akauliza huyu kijana wenu atafanya nini sasa. Nilisimama na glasi ya soda mkononi, tumbo limeingia, mabega nje, nikasema mbele ya wakwe zangu wote: "Nipeni mimi. Miezi miwili, nitawarudishia mtu mpya." Wakapiga makofi. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hanitazami usoni wala mimi simtazami, alipiga kigelegele akiwa nyuma ya kanga yake.

Akaja Bugarama na begi moja. Asubuhi ya kwanza tulikimbia mizunguko mitatu ya uwanja wa mpira. Kwenye wa pili aliinama, mikono magotini, akakohoa muda mrefu. Kikohozi chake hakikuwa kikavu.

"Ni vumbi," alisema akijifuta. "Litatoka. Kule karasha tulikuwa tunakunywa maziwa nusu lita kila tukimaliza zamu, yanalishusha. Huku sijapata maziwa, ndiyo maana."

Imani hiyo wanayo wasagaji wote wa huku. Mimi nilisoma baiolojia kidato cha nne, na njia ya maziwa na njia ya pumzi naweza kukuchorea hata sasa. Lakini sikumbishia. Nilimwandikia maziwa kwenye ratiba: nusu lita asubuhi, nusu lita jioni, kwa mwandiko wangu wa stoo, mzuri, umepigiwa mstari. Alifurahi. Nikajiambia kwamba mtu akiamini dawa, mwili nao unaamini. Kauli za namna hiyo nilikuwa nazo nyingi siku zile.

Wiki ya tatu mke wangu alikuja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Alikaa kwenye lile benchi la kanisani, akamtazama mdogo wake akipanda na kushuka mbele yake. Mdogo wake alipotoka kwenda kuoga, aliniambia:

"Huyu anakohoa tangu mwaka jana. Mpeleke hospitali kwanza."

"Anaendelea vizuri. Mapafu nayo yanafunzwa, mama, kama miguu."

"Amepungua."

"Anapungua mafuta."

"Mafuta gani? Huyu alikuwa na mafuta lini?" Aliendelea kumenya karanga, haraka haraka, maganda yakianguka kwenye kanga. "Wewe ulipimwa kwanza, ndipo ukaanza kukimbia. Nilikuwepo. Nilikushikia mkojo wako kwenye kichupa. Kwa nini yeye aanze kukimbia kwanza?"

Nilikasirika. Nilimwambia kazi hii ni yangu na cheti ninacho. Akakung'uta maganda kwenye kanga. Kabla ya kupanda gari alisema tena, kwa upole zaidi, jambo ambalo nalisikia hadi leo: "Kama hafai, mrudishe. Tutamlisha. Hakuna atakayekucheka."

Lakini mimi nilijua watanicheka. Niliwaona wote, na makofi yao, na kigelegele kile.

Siku ya majaribio walikuwa watu kumi na tisa, kwenye uwanja wa shule. Watu wa mtaani walikuja kutazama kama kawaida, wamekaa kwenye ukingo wa mtaro, wanakula mihogo ya kukaanga na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilimpanga shemeji kundi la mwisho, ili apumzike, na ili muuguzi awe ameanza kuchoka na kuinamia karatasi zake. Nilikuwa nimemfundisha apumue vipi kabla ya mbio, ameze mate vipi kikohozi kikianza kupanda, asimame wapi akimaliza, nyuma ya tenki la maji, ambako muuguzi aliye mezani hamwoni. Yote hayo nilimfundisha mimi. Nilimfundisha vizuri.

"Kocha!" mmoja alipiga kelele mtaroni. "Huyo shemeji yako anakimbia kama anapeleka posa kwa watu wenye mbwa!"

"Mwache bwana, zile ni ng'ombe za Kocha zinakimbia!" mwingine akadakia, na mtaro mzima ukacheka. Hata shemeji alicheka akiwa mbioni, na kicheko kile kilimkata pumzi.

Alimaliza. Alikuwa wa tano katika kundi la watu sita, ndani ya muda. Alibeba kiroba cha mchanga hadi kwenye goli la mbali na kurudi. Kisha akaenda nyuma ya tenki kama nilivyomwelekeza.

Nilimfuata, nikiwa na saa yangu mkononi, kumwambia amefaulu. Alikuwa ameinama, ameshika tenki kwa mkono mmoja. Akatema chini. Halafu akaburuta udongo kwa soli ya kiatu akafunika alichokitema, kama kuku anavyofukia. Aliinua kichwa akaniona.

Kwa miaka mingi, nikiwasimulia watu baki habari hii, nimekuwa nikisema kwamba sikuona alichofunika. Niliona. Kabla udongo haujafika, niliona rangi yake.

Niliitazama saa. Nikamwambia, "Njoo mezani."

Mengine nimekwisha kuyaeleza. Jioni ile mke wangu alinipigia simu. Hakuniuliza kama mdogo wake amefaulu. Aliuliza, "Alikohoa?"

"Hapana," nikasema. "Amefaulu vizuri."

Nikamsikia akishusha pumzi, halafu akaniita kwa jina la heshima analolitumia mara chache, akanishukuru. Nilizipokea shukrani zake. Bukombe walichinja kuku.

Alifanya kazi miezi minane. Alikuwa akijaa vumbi jeupe kuliko hata lile la karasha, maana mashine ya kuchoronga inalipuliza mpaka kwenye nyusi. Barakoa alipewa, alikuwa anaishusha shingoni ili apumue. Kila alipokuwa na mapumziko alikwenda kwao akiwa amevaa kizibao chake cha kazi chenye mistari inayong'aa. Jumapili moja aliingia nacho kanisani, na mke wangu alinisimulia huku akicheka kwamba jua lilipoingia dirishani alimulika altare yote. Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nahesabu miezi. Nilijidanganya kwamba kama angekuwa anaumwa kweli angekuwa ameanguka wiki ya kwanza. Kila mwezi uliopita niliuona ushahidi kwamba nilikuwa sahihi.

Mwezi wa tano wa kazi yake alikuja bandani kunitembelea. Akajaribu kuinua makopo mawili ya zege aliyokuwa akiyainua bila shida. Aliyainua hadi kiunoni, akayarudisha chini taratibu.

"Umeyaongeza uzito, shemeji," alisema.

"Nimeongeza," nikamjibu.

Sikuwa nimeongeza hata kijiko. Ile ilikuwa nafasi ya pili, na sikuitumia. Ningemchukua siku ile ile tukapanda gari. Badala yake nilimnunulia maziwa.

Mwezi wa nane msimamizi alimrudisha kwa gari la kampuni, amelala kwenye kiti cha nyuma. Tulimpeleka hospitali, mimi na mke wangu, mmoja kila upande, na ingawa nilikuwa tayari kumbeba sikuhitaji nguvu yoyote. Walimpima makohozi, wakampiga picha. Daktari, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya uchovu, aliibandika picha ile kwenye mwanga akatuonyesha. Vumbi la mawe, alisema, lilikuwa limekaa kwenye mapafu siku nyingi na halitoki. Juu ya vumbi kulikuwa na kifua kikuu. Kikiwahiwa kinatibika, dawa zipo, hazilipiwi, ni miezi sita ya kumeza vidonge. Huyu amekuja amechelewa sana.

"Alianza lini kutema damu?" aliuliza.

Nilikuwa natazama sakafu. Shemeji alijibu mwenyewe, kwa vipande, akipumua kati ya neno na neno. Hakuwa na nia ya kunishtaki. Alikuwa anamsaidia daktari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja shahidi wa kuaminika.

"Kabla ya kazi... Siku ya majaribio ilitoka. Shemeji anajua. Alikuwepo."

Mke wangu hakugeuka kunitazama. Aliendelea kuikunja shuka miguuni mwa mdogo wake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kitabu cha sala.

Dawa zilianza siku hiyo. Alizimeza wiki saba. Wiki ya mwisho alikuwa bado anatania. Aliniambia, "Baba wa ng'ombe, mke wako mdogo sasa utampata kweli," na mimi nikatoka nje. Alikufa saa tano asubuhi, jua kali, wakati mke wangu amekwenda kumtafutia uji.

Tulimzika Bukombe, kwenye ardhi yao, katekista akasoma, na wanaume sita tukabeba. Nilikuwa nimemfunza mtu yule kubeba kilo thelathini kwenda na kurudi. Tulipoinua jeneza mwenzangu wa mbele alinigeukia kwa mshangao, akidhani wa nyuma tumechukua uzito wote. Hapakuwa na uzito. Hakuna mtu aliyenisema msibani. Walinipa kiti, walinipa chakula mapema kama mkwe anavyostahili, na mama mkwe, kutoka nyuma ya kanga yake, alimtuma mjukuu aniulize kama nimeshiba. Laiti wangenitukana.

Mjane wake alipimwa, naye akakutwa na ugonjwa. Aliwahiwa. Alimeza vidonge miezi sita, akapona, sasa analima. Kila nikimwona naona jinsi mambo yangekuwa.

Baada ya arobaini mke wangu alirudi Ibadakuli, akafua nguo zangu zote, akazipiga pasi, akazipanga. Kisha akafunga zake kwenye mabegi mawili na kuketi sebuleni kunisubiri nirudi kutoka kutembea. Nilimwomba msamaha kabla hajasema lolote. Nilimweleza yote, tenki, udongo, rangi, kalamu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Watu wanakosea," alisema. "Hata mimi ningeweza kuogopa kuchekwa. Lakini mimi nilikupigia simu. Nilikuuliza neno moja tu, baba watoto. Ungeniambia ndiyo, ningekuja kumchukua usiku ule ule kwa miguu."

Akainuka, akashika begi moja kila mkono.

"Ng'ombe zako ndizo zilizomwoa yule mjane. Sasa nakwenda kumsaidia kulea. Usinifuate, na usitume wazee."

Nilituma wazee. Walikaribishwa, wakala, wakarudi na michembe. Watoto wetu wanne wamejaribu kila mmoja kwa wakati wake. Anawapokea, anawauliza kuhusu afya yangu, kama nameza dawa zangu za presha. Jibu lake kuhusu kurudi halibadiliki.

Banda la Bugarama nililifunga mwenyewe. Maneno ya ukutani niliyafuta kwa maji na brashi, na kwa sababu chokaa ilikuwa imeingia kwenye mabati, ukisimama kwa pembeni bado yanasomeka. Msimamizi wa mkandarasi nilimfuata ofisini na kumwambia nilichokifanya. Alisema kila karatasi niliyowahi kuijaza atairudia, na akanitaka nisionekane tena pale. Alikuwa na haki. Makopo ya zege niliwaachia wenye duka la vipuri. Wanayatumia kushikilia mlango usipigwe na upepo.

Siku hizi nakaa Ibadakuli. Wapo wazee wenzangu watano wanaokuja asubuhi, tunatembea pamoja kando ya uwanja wa ndege, wala sidai cheo cha ukocha. Anayekuja mara ya kwanza namtaka kwanza aniletee karatasi ya hospitali. Mmoja alikasirika, akaniuliza tangu lini kutembea kunahitaji karatasi. Nilimwambia arudi akiwa nayo. Alirudi. Hilo halinifariji, linanikumbusha tu jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

Sukari yangu iko sawa. Presha iko sawa. Daktari ananiambia mwili wangu ni wa mtu wa miaka hamsini, na ninapotoka ofisini kwake sina wa kumwambia. Asubuhi nachemsha maji ya chai ya kikombe kimoja.

Nilitia alama moja kwenye karatasi ili nisichekwe. Mdogo wa mke wangu akafa kwa ugonjwa wenye dawa. Watoto watatu wanakua bila baba. Na mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini na minane yuko Bukombe, ni mzima, na hatarudi kwangu.